Tulikuwa Tunasoma Fimbo

*Kutoka njia panda ya Usagara: mwalimu wa darasa la kwanza hufundisha watoto kusoma. Yeye hufundishwa na nani, wapi, na mara ngapi?*

Darasa letu la kwanza lilikuwa na fimbo mbili. Ya kuchapia ilikaa juu ya kizingiti cha mlango, fupi na nyeusi, na kila mtoto aliifahamu. Ya kusomea ilikuwa ndefu, ya mtete uliokatwa kandokando ya ziwa na kuanikwa hadi ukawa mwepesi kama unyoya. Mwalimu aliigonga ubaoni palipoandikwa ba, nasi tukaimba "ba!" Akaigonga kwenye be, tukaimba "be!" Bi, bo, bu. Kisha da, de, di, do, du. Kwaya yetu ilisikika hadi barabarani, na wazee waliokuwa wakisukuma baiskeli zenye magunia ya pamba kuelekea chama cha msingi cha ushirika walitikisa vichwa kwa kuridhika. Watoto wanasoma.

Muhula wa pili akaja mwalimu wa mazoezi, binti wa chuo cha ualimu mwenye sauti ya chini. Akaichukua fimbo ya mtete, akaigonga kwenye bu. Tukaimba "ba!" Akatutazama. Akaigonga tena palepale. Tukaimba "be!", kwa kuwa baada ya ba huja be. Akaihamishia kwenye di, akarudi kwenye bo, akapanda kwenye da. Sauti zikapungua moja moja mpaka darasa zima, watoto sabini na ushee, likanyamaza. Kilichobaki kusikika ni mtete ukigonga ubao. Kumbe miezi yote ile hatukuwa tukisoma herufi. Tulikuwa tunasoma fimbo.

Mwalimu wetu wa siku zote alikuwa ameketi nyuma, karibu na dirisha, akimwangalia mgeni wake. Hakununa. Alitoa kalamu mfukoni, akaandika jambo kwenye kipande cha gazeti. Keshokutwa yake, mgeni alipokuwa darasa la pili, yeye mwenyewe alisimama mbele yetu na ile fimbo ya mtete, akaanzia kwenye bu.

Tangu siku hiyo nimehudhuria na kuripoti semina nyingi za walimu, lakini sijaona mafunzo kazini yaliyozaa matunda upesi kama yale. Hayakuwa na posho, bahasha, chai ya saa nne wala cheti. Yalikuwa na walimu wawili, darasa lenye watoto halisi, kosa moja lililoonekana kwa macho, na siku mbili za kulirekebisha. Leo serikali ina jina la jambo hilo: Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambalo walimu wamelifupisha kuwa MEWAKA. Makala haya yanauliza kama jina hilo linafika hadi dawati la nyuma la darasa la kwanza katika mji kama Usagara, na kama halifiki, linapotelea wapi njiani.

Munhu anapokutana na mtu

Usagara ni mji wa kupita. Uko wilayani Misungwi, kilomita kama 20 kutoka jiji la Mwanza, mahali ambapo barabara itokayo mjini hugawanyika: mkono mmoja unashika Shinyanga, mwingine unateremka Kigongo kuelekea Busisi, Sengerema na Geita. Kwa miaka mingi, aliyepita hapa kwenda Geita alijua kwamba mbele yake ipo foleni ya kivuko. Tangu Juni 2025 lipo Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, na foleni imebaki hadithi. Kuhama hakujaisha. Baba anafuata dhahabu, mjomba anafuata dagaa visiwani, mama anarudi kwao msimu wa mpunga, na mtoto anahama nao na daftari lake. Walimu nao wengi ni wageni: huyu katoka Kagera, yule Kilimanjaro, mwingine Mbeya.

Humo ndimo mtoto wa miaka sita au saba anapoletewa Kiswahili cha kitabuni. Nyumbani anaamkia kwa "mwangaluka", anashukuru kwa "wabeja", na mtu kwake ni munhu. Kitabu kinamwandikia mtu. Yeye anasoma "mutu". Je, amekosea kusoma? Macho yameona m, t na u; mdomo umeongeza irabu ambayo lugha ya mama yake imeuzoesha. Mwalimu asiyejua Kisukuma anasikia kosa. Mwalimu aliyefundishwa kusikiliza anasikia mtoto aliyekwisha kusoma, ambaye sasa anahitaji tu kuonyeshwa kufumba midomo kwenye m na kuangukia moja kwa moja kwenye t.

Mtihani mgumu zaidi ni kalamu na karamu. Msukuma aliyekulia kijijini hutumia l pale Kiswahili kinapotenganisha l na r. Mtoto anaonyeshwa neno karamu, anasema "kalamu". Mwalimu mwenye haraka anamkatalia. Mtoto anarudia "kalamu" kwa sauti kubwa zaidi. Darasa linaangua kicheko, na kuanzia kesho mkono wa mtoto huyo hauinuki tena. Mwalimu aliyenolewa huweka picha mbili mezani, moja ya kalamu, nyingine ya watu waliozunguka sinia la ubwabwa, kisha huuliza neno hili ni la picha ipi. Mtoto akigusa sinia, amesoma. Ulimi ndio uliobaki nyuma, na ulimi una muda wake. Akigusa kalamu, hapo ipo kazi ya herufi. Jaribio hilo linachukua nusu dakika. Lakini hakuna anayezaliwa nalo kichwani, na kulisoma kwenye kitini hakutoshi. Lazima mwalimu amwone mwenzake akilifanya na mtoto wa kweli.

Mtoto huyohuyo ana mtaji ambao mara nyingi hauhesabiwi. Sauti ya ng' inayowatoa jasho wanafunzi wa kigeni anayo tangu mgongoni mwa mama yake. Ng'ombe kwake hana ugeni wowote. Sauti za dh, th na gh, zilizoingia Kiswahilini na maneno ya Kiarabu, ndizo ngeni. Mwalimu anayejua hivyo hupanga somo lake kwa kuanzia kwenye kile ambacho mtoto amekuja nacho. Asiyejua hufuata alfabeti kama reli.

Neema yenye mtego

Kiswahili kinaandikwa karibu sawasawa na kinavyotamkwa. Mtoto wa Uingereza huhangaika miaka kadhaa na tahajia zisizo na mwenyewe. Mtoto wetu akishazijua irabu tano na silabi zake, mlango uko wazi. Hiyo ni neema. Mtego wake ni kwamba mtu anaweza kutamka ukurasa mzima wa Kiswahili bila kuelewa hata mstari mmoja, na anayemsikiliza kwa mbali akadhani amesoma.

Chukua neno alinipikia. Kwa macho ya mtu mzima ni neno moja. Kwa mtoto wa darasa la pili ni safari ya vituo sita: a, li, ni, pi, ki, a. Anaweka kidole kwenye kila kituo, anatamka kwa nguvu, na akifika mwisho amekwisha kusahau alikoanzia. Mwalimu ambaye hakufundishwa atasema "vizuri, kaa," kwa kuwa silabi zote sita zilikuwa sahihi. Mwalimu aliyefundishwa atamwambia alirudie bila kukata, kisha amuulize: nani alipika? Alimpikia nani? Mtoto akinyamaza, somo la kusoma halijaisha. Ndiyo kwanza linaanza.

Wataalamu wa kusoma wanataja nguzo tano: kusikia sauti ndani ya maneno, kuunganisha sauti na herufi, kusoma kwa ufasaha, msamiati, na ufahamu. Fimbo ya mtete ilitupa nguzo moja, tena nusu. Wengi wa walimu waliopo kazini leo walifundishwa utotoni kwa fimbo ya namna hiyo, na mtu hufundisha alivyofundishwa isipokuwa kiwepo kitu chenye nguvu ya kumtoa kwenye mazoea hayo. Siku tano za semina ukumbini mjini mara nyingi hazina nguvu hiyo.

Mwanza ilipokuwa darasa la dunia

Wakazi wengi wa Mwanza hawajui kwamba mji wao uliwahi kuwa moja ya maabara za dunia za kufundisha kusoma. Mwaka 1968 UNESCO na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, kwa kushirikiana na serikali, walianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa kwa watu wazima katika mikoa minne ya ziwa: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Makao yake yalikuwa Mwanza. Tanzania ilikuwa moja ya nchi 11 zilizochaguliwa duniani kwa majaribio hayo.

Wazo lake lilikuwa jepesi na la kina. Mkulima wa pamba asifundishwe kusoma kwa maneno yasiyomhusu. Afundishwe kwa pamba. Kitabu cha kwanza cha wakulima kiliitwa Pamba ni Mali. Wavuvi walikuwa na vitabu vya uvuvi, wakulima wa Bukoba vya migomba, wafugaji vya ng'ombe. Aliyefundisha alikuwa mtu wa palepale: mwalimu wa shule ya msingi baada ya saa zake za kazi, kijana aliyemaliza darasa la saba, mwanachama wa ushirika aliyejua herufi. Alipewa mafunzo mafupi, kisha akarudi kwa watu aliowafahamu kwa majina.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisiwa cha Ukerewe, humuhumu mkoani Mwanza, kilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyopewa jukumu la kutangulia kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Mtihani wa taifa wa 1975 ulionyesha kuwa wasiojua kusoma wamebaki asilimia 39. Kufikia 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Kanda ya ziwa ilipata hata gazeti lake la vijijini kwa ajili ya wasomaji hao wapya. Liliitwa Elimu Haina Mwisho.

Jina la gazeti hilo lilibeba onyo ambalo tulilichukulia kama pambo. Kusoma hufifia kusipotunzwa. Sensa ya 2002 ilikuta karibu watu 3 kati ya 10 nchini hawajui kusoma. Baadhi ya waliohitimu kisomo miaka ya sabini walikosa cha kusoma wakasahau, na watoto wao waliingia shule ambazo zilikuwa na kila aina ya upungufu.

Kutoka Musoma hadi foleni ya kivuko

Upungufu mkubwa kuliko yote ulikuwa wa walimu, na historia yake nayo inapitia ufukweni mwa ziwa hili. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Serikali ikawachukua maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha kazi hiyo vijijini kwa miaka mitatu: wanafundisha kwa sehemu ya siku, wanajisomea kwa sehemu nyingine, wanapokea masomo kwa posta na kwa redio, na mara mojamoja wanakutana chuoni.

Walimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote, kama walivyoitwa, wamedhihakiwa sana. Yule wetu wa fimbo ya mtete alikuwa mmoja wao. Nikiutazama leo mfumo uliomlea, naona ulikuwa na kitu kimoja ambacho mifumo iliyofuata ilikipoteza: mafunzo yake yalifanyika hatua chache kutoka darasani. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi nyuma na kumwangalia akifundisha. Ilibidi aje binti wa mazoezi kuziba pengo hilo kwa bahati tu.

Baadaye ikaja enzi ya semina. Utaratibu ulikuwa wa ngazi: wataalamu wa taifa wanawafundisha wawezeshaji wa mkoa, hao wa halmashauri, hao wa kata, hao mwalimu mmoja wa kila shule, naye akirudi awafundishe wenzake. Kwenye karatasi unapendeza. Aliyewahi kukaa foleni ya Kigongo zamani anajua unavyofanya kazi. Mbele kabisa, kwenye kivuko, mtu anasema injini imepata hitilafu ndogo. Habari inapita gari hadi gari. Ikifika kwenye lori la mwisho, kivuko kimezama. Mbinu ya kufundisha sauti za herufi iliyoondoka Dar es Salaam ikiwa na sababu zake, mifano yake na tahadhari zake, ilifika darasa la kwanza ikiwa sentensi moja: "Wamesema tusitaje jina la herufi, tutaje sauti." Kwa nini, na mtoto akikwama ufanye nini, vilibaki njiani.

Na mara nyingi aliyetumwa kwenye semina hakuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Alikuwa mwenye zamu ya kupata posho.

Mwaka wa asilimia 8

Taifa lilishtuka rasmi mwaka 2013. Upimaji wa stadi za kusoma uliofanywa kwa wanafunzi wa darasa la pili nchini ulionyesha kwamba takriban 8 tu kati ya kila 100 waliweza kusoma na kuelewa. Miaka mitatu kabla, upimaji wa mpango uitwao Uwezo ulikuwa umekuta kwamba wanafunzi wa darasa la tatu walioshindwa hadithi ya darasa la pili ni wengi kuliko walioiweza. Lengo likawekwa: mtoto wa darasa la pili asome maneno 50 kwa dakika. Anayedhani 50 ni machache akumbuke alinipikia.

Yaliyofuata yalikuwa mazito. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza 2015 uliondoa msururu wa masomo na kutenga asilimia 80 ya muda kwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mpango wa LANES, kwa fedha za Ushirikiano wa Kimataifa wa Elimu, ulifundisha walimu wa madarasa hayo na kusambaza vitabu. Majirani zetu wa Shinyanga, Simiyu na Mara waliingia kwenye mpango wa EQUIP-Tanzania uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014, ambao uliwapa walimu moduli za kusomea pamoja shuleni kwao. Tathmini zake zilikuta watoto waliokuwa chini kabisa katika Kiswahili wamepungua. Zilikuta pia tatizo tunalolifahamu sote: mwalimu anapewa mafunzo ya darasa la kwanza, mwaka unaofuata anahamishwa shule au anapandishwa darasa la tano.

Katikati ya hayo yote, Januari 2016, elimu bila malipo ilifungua milango na darasa la kwanza likafurika. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa moja. Kanda ya ziwa inajulikana kwa madarasa yanayozidi mara mbili ya hapo. Mwalimu mwenye watoto 100 akitaka kumsikiliza kila mmoja akisoma kwa dakika moja tu, atatumia saa moja na dakika arobaini, na bado hajafundisha kitu.

Jumatano mchana

MEWAKA ilizaliwa kutokana na kuchoshwa na foleni ya kivuko. Mwongozo wake wa taifa ulitoka 2020, na utekelezaji ukapata nguvu kupitia programu ya BOOST inayosaidiwa na Benki ya Dunia. Msingi wake ni jumuiya za ujifunzaji: walimu wa shule moja, au wa shule kadhaa za jirani, hukutana mara kwa mara, huchagua tatizo linalowasumbua, hupanga somo pamoja, mmoja hulifundisha wengine wakiangalia, kisha hurudi kuzungumza walichokiona. Wajapani wamekuwa wakifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 100. Mwalimu wetu wa UPE alifanya hivyo kwa kipande cha gazeti.

Tuseme ni Jumatano mchana, watoto wa madarasa ya chini wamekwisha kwenda nyumbani, na walimu sita wameketi kwenye madawati yaliyo mafupi kuliko magoti yao. Kikao kibovu cha MEWAKA kinaanza kwa mahudhurio na kuishia kwa picha ya kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la kata. Mada: "Mbinu shirikishi." Saini, kila mtu nyumbani. Kikao kizuri kina swali dogo mezani: watoto 14 wa mkondo B wanasoma mb kama b, mbuzi wanasema "buzi". Mwalimu mmoja kaleta vizibo vya soda alivyoviandika silabi. Mwingine, Msukuma wa Misungwi, anawauliza wenzake wangapi kati ya hao 14 wametoka familia zisizozungumza Kisukuma. Mwingine anapendekeza waanze na kuimba mmmm kabla ya kuachia b. Kesho asubuhi wawili kati yao wataingia mkondo B kuangalia. Wiki ijayo wataleta idadi mpya: 14 wamebaki wangapi.

Vikao hivyo viwili vinajaza fomu ileile. Tofauti yake hutaiona ofisini.

Vifaa vya kufanya kikao kizuri si haba kama zamani. Taasisi ya Elimu Tanzania ina mfumo wa kielektroniki wenye moduli za walimu. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Vituo vya walimu vilivyojengwa tangu miaka ya 1990 vipo, ingawa vingine viligeuka ofisi na stoo. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeongeza Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, hivyo mwalimu yuleyule sasa anamlea mtoto anayetoka Kisukuma kuingia Kiswahili huku akichungulia Kiingereza. Kama kuna wakati mwalimu wa darasa la kwanza amehitaji mwenzake wa kumwangalia, ni sasa.

Mambo matatu yasiyongoja mfadhili

La kwanza ni nani anafundisha darasa la kwanza. Katika shule nyingi walimu hodari hupelekwa darasa la nne na la saba, kwa sababu huko ndiko kwenye mitihani inayoitia shule aibu au sifa. Darasa la kwanza hupewa anayekaribia kustaafu, anayeugua, au aliyeripoti jana. Ni sawa na kumkabidhi fundi mwanafunzi msingi wa nyumba na kumngojea fundi mkuu kwenye rangi. Mwalimu mkuu anayeamua kwamba mwalimu wake bora wa kusoma atakaa darasa la kwanza kwa miaka mitatu bila kuhamishwa amefanya mageuzi ambayo hayahitaji saini ya Dodoma.

La pili ni kazi ya Afisa Elimu Kata. Kwa desturi ziara yake huanzia kwenye makabati: azimio la kazi lipo? Andalio la somo limesainiwa? Jirani zetu wa Kenya walijaribu njia nyingine katika mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia 2015. Kila mtoto wa madarasa ya chini alipata kitabu chake mwenyewe, na ofisa wa eneo alipotembelea shule aliketi nyuma ya darasa na kishikwambi, akaangalia somo, kisha akawaita watoto watatu bila kuwachagua na kuwasikiliza wakisoma. Akamaliza kwa kuzungumza na mwalimu juu ya watoto hao watatu. Daftari la andalio linaweza kuandikwa usiku mmoja kwa ajili ya mgeni. Watoto watatu hawaandaliki usiku mmoja.

La tatu ni posho, neno ambalo watu hulikwepa kwenye hotuba na kulizungumza kwenye korido. Mwalimu ana haki ya kulipwa nauli na muda wake. Lakini fedha peke yake hazisomeshi mtoto. Utafiti uliofanywa 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10 nchini uliona kwamba shule zilizopewa ruzuku tu hazikuinua matokeo ya watoto. Zilizounganisha ruzuku na motisha kwa mwalimu kulingana na watoto waliojua kusoma na kuhesabu ndizo zilizopanda. Fundisho kwa halmashauri zetu ni kwamba heshima na shukrani zimfuate mwalimu hadi darasani kwake. Barua ya pongezi iende kwa aliyepunguza wale 14 wakabaki watatu, hata kama hakuwahi kukanyaga ukumbi wa semina. Muda wa kikao cha Jumatano nao uandikwe kwenye ratiba ya shule kama kipindi, usiwe saa ya kuibiwa kutoka kwenye njaa ya mwalimu.

Mzazi naye ana sehemu yake wikiendi hii. Mwanao wa darasa la pili akikusomea ukurasa kwa mbio na kwa sauti ya ushindi, msifie. Kisha weka kidole chako kwenye neno la katikati ya mstari wa tatu, umuulize hili ni lipi. Rudi nyuma maneno mawili. Ruka chini. Muulize kilichotokea kwenye hadithi. Akikwama, usiifuate fimbo ya juu ya mlango. Mtoto hajafanya kosa, amejifunza kile alichofundishwa. Jumatatu nenda shuleni, umwamkie mwalimu wake kwa adabu, na badala ya kumuuliza kwa nini mtoto hajui, muulize mara ya mwisho mwalimu mwenzake alikaa lini nyuma ya darasa lake kumwangalia.

Huenda akakujibu kwamba ni wiki iliyopita. Huenda akakuonyesha vizibo vya soda. Na huenda akacheka kidogo, kwa kuwa tangu atoke chuoni hajawahi kuulizwa swali hilo. Kama ni hivyo, mwombe mwalimu mkuu ampe kiti kimoja mwalimu wa darasa la pili, akiweke karibu na dirisha, na asubuhi moja somo lianzie kwenye bu.